Kikohozi cha Mzee Ongeri

Nyuma ya hoteli ya Karmali mjini Kisii palikuwa na vijumba vinne vya mbao, kila kimoja na meza, mabenchi mawili na pazia la buluu mlangoni. Karmali alivijenga ili wanawake wa jamaa zake wapate mahali pa kula bila kutazamwa na madereva wa malori waliojaa ukumbi wa mbele. Wahindi hawakuvitumia sana. Walikula kwao. Waliovijaza, tangu wiki ya kwanza, walikuwa Wakisii.

Sababu ilikuwa chinsoni. Hilo ni jina la Kikisii la haya inayowekwa kati ya watu wasioruhusiwa kuzoeana, na haya iliyo kubwa kupita zote ni ile ya baba mkwe na mkaza mwana wake. Hawapeani mkono. Hawakutani mlangoni. Juu ya yote, hawaonani wakila. Kinywa kilichofunguliwa mbele ya mkwe ni kama nguo iliyovuliwa. Kijijini jambo hilo halina shida, maana kila nyumba ina ukuta wake. Mjini hoteli nzuri ilikuwa moja, na mwalimu, mke wa mwalimu na baba yake mwalimu wote waliutamani mchuzi uleule wa mbuzi.

Karmali alikuwa mtu wa kujifunza. Siku moja mzee mmoja aliinuka na kuacha sahani imejaa kwa sababu alimwona mke wa mwanawe akitafuna sambusa. Hakurudi tena. Karmali aliuliza, akaelezwa, akatunga utaratibu. Wazee aliwaweka katika vijumba vya upande wa barabara. Vijana na wake zao aliwaweka upande wa jikoni. Watu walimcheka kwamba Mhindi amekuwa mlinzi wa mila kuliko wenyewe, lakini waliendelea kuja.

Siku moja ya soko, mwezi wa Julai, mwaka wa tano tangu Uhuru, Karmali hakuwapo. Alikuwa ameitwa ofisini kwa habari ya leseni yake, kama wenzake wengi walivyoitwa mwaka ule. Alimwacha mkewe, Shirinbai, awapokee wateja. Shirinbai ndiye aliyepika. Alijua bizari na mdalasini na kiasi cha moto. Kuhusu chinsoni hakujua lolote.

Persis Nyanchera alifika kabla ya adhuhuri pamoja na rafiki yake Benter Akong'o. Persis alikuwa nesi katika hospitali ya mjini, na asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado amevaa sare yake. Benter, mzaliwa wa Kendu Bay, aliunganisha simu posta. Shirinbai aliwaweka upande wa barabara, kwa kuwa kijumba cha huko ndicho kilichokuwa karibu naye, akawaletea wali, mchuzi wa mbuzi, chapati na achari ya ndimu.

"Ninyi Wakisii mnapenda kufungiwa kama kuku anayeatamia," Benter alisema, akivuta pazia. "Kwetu mtu akila anataka jirani aone samaki wake ni mkubwa kiasi gani."

"Kwenu mnamkimbia mama mkwe mpaka mnatumbukia ziwani."

"Huyo ni mama mkwe. Amestahili kukimbiwa."

Walicheka, wakala polepole. Kwa Karmali ilibidi kula polepole. Mbuzi wake alikatwakatwa kwa shoka dogo pamoja na mifupa, vipande vidogo vidogo, ili utamu wa uboho uingie katika mchuzi. Mtu aliyezoea mnofu mkubwa wa kijijini, wenye mfupa ulio wazi kama mpini, alihitaji kufundishwa. Persis alifundishwa na Manasseh, mumewe, siku ya kwanza alipomleta pale, wakati walipokuwa wapya. Tafuta kwa ulimi kwanza, alimwambia, kisha meza.

Sasa walikuwa wameoana miaka sita na hawakuwa na mtoto. Manasseh alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Hakuwahi kumlaumu mkewe, wala hakuwahi kumtetea. Huko nyumbani Sironga majirani walikuwa wameacha kuuliza, na Persis aliona kwamba kuulizwa kulikuwa nafuu. Alijua vizuri kinachomweka katika boma lile. Kilikuwa heshima yake. Hakuna mkaza mwana aliyeshika chinsoni kama yeye. Akimwona baba mkwe wake njiani, alishuka kwenye majani na kugeuza uso. Chakula cha mzee alikipika yeye, akakipeleka mama mkwe wake, Mong'ina, naye Persis akakaa nyuma ya jiko mpaka vyombo virudi.

Mzee Ongeri alimrudishia heshima hiyo. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima wa majani ya chai ambaye mwenyewe hakuonja chai kwa sababu ya imani yake. Kila alipokaribia nyumba ya mwanawe alisimama langoni akakohoa, kikohozi kirefu na kingine kifupi, ili Persis apate nafasi ya kuondoka. Kikohozi hicho Persis alikijua hata usingizini. Mwaka uliotangulia mzee alijikata mguu kwa panga. Hospitali ya mjini ilikuwa na daktari mzuri, lakini wodi ya wanaume ilikuwa na Persis. Mzee alikwenda zahanati ya mbali, jeraha likashonwa vibaya, akarudi akichechemea na hakulalamika. Persis alipoambiwa sababu, aliona fahari. Baadaye fahari hiyo ilimrudia mara nyingi, naye akatamani asingekuwa nayo.

Walikuwa hawajafika nusu ya sahani aliposikia kikohozi. Kirefu, kisha kifupi. Aliweka chapati chini kabla hajafikiri. Benter alimuuliza kama ni pilipili. Persis aliweka kidole mdomoni, akaonyesha ukuta.

Shirinbai alikuwa akiwakaribisha wageni katika kijumba cha jirani. Mbao za ukuta hazikufika darini. Persis alisikia benchi likivutwa, kofia ikiwekwa mezani, kisha sauti tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Ongeri, akiomba maziwa ya moto badala ya chai. Ya pili ilikuwa ya Omwenga, rika la mzee, aliyejulikana kutoka Sironga hadi Itumbe kwa kazi moja: alikuwa mshenga. Ya tatu ilikuwa ya Manasseh, ambaye asubuhi ile alimwambia mkewe kwamba anakwenda Nyamarambe kukagua mizani ya kahawa.

Njia ya kutoka ilipita mbele ya pazia la wanaume hao, na pazia hilo lilikuwa limeachwa nusu wazi. Persis hakuweza kupita bila kumwona mzee akiwa mezani. Alikaa. Wanaume walizungumza Kikisii, na yale ambayo Benter hakuyaelewa, Persis aliyaelewa yote.

Omwenga alikuwa akimsifu msichana wa Nyamarambe. Alisema amemaliza darasa la saba. Alisema mama yake alizaa bila kupumzika na dada zake wamefuata nyayo. Alisifu mikono yake, mgongo wake na meno yake, kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa, akasema Manasseh amemwona leo kwa macho yake na akitaka kubisha abishe sasa. Mzee Ongeri aliuliza kama msichana ni wa kanisa. Akaambiwa ndiyo. Akauliza kama ni mvivu. Akaambiwa hapana. Shirinbai alileta chakula, na kwa muda zikasikika sahani tu.

"Yule wa nyumbani sina kosa naye," Mzee Ongeri alisema hatimaye. "Ningepewa wakaza mwana kumi, ningetaka wote wafanane naye. Lakini nimezeeka, Manasseh. Heshima hainiiti babu."

Sahani ya Manasseh ilisikika ikisogezwa.

"Nyumba yake haitavunjwa. Yeye atakuwa mkubwa. Huyu atakuja chini yake," mzee aliendelea.

"Sawa, tata," Manasseh alisema, kama mwana anavyomjibu baba yake.

Hakuomba siku ya kufikiri. Hakutaja jina la mkewe. Aliongeza tu kwamba mchuzi unapoa, na Persis akasikia wali ukipakuliwa. Alitazama sahani yake mwenyewe. Benter, aliyesoma kila kitu katika uso wake, alimnong'oneza waondoke. Persis alitikisa kichwa. Hata wakati ule alijali zaidi kwamba asimpitie mzee akiwa anakula.

Mzee Ongeri alikuwa hajawahi kula kwa Karmali. Manasseh, aliyemfundisha mkewe, hakuona kwamba inafaa mwana amfundishe baba yake namna ya kutafuna. Omwenga alianza kusimulia habari za bwana harusi mmoja wa Itumbe aliyekuwa na wake wawili na shati moja, na jinsi kila mke alivyolifua siku ya mwenzake ili mume asitoke. Mzee alicheka kinywa kikiwa kimejaa.

Kisha akakohoa.

Persis aliinuka. Hakuinuka kwenda kwake. Aliinuka kuondoka, kama miguu yake ilivyozoea miaka sita, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika pazia alipotambua kwamba kikohozi cha pili kimekatika katikati. Cha tatu hakikuja. Meza ilipigwa. Manasseh alisikika akiita, tata, tata, na Omwenga akisema mzee apewe maziwa.

Persis alijua maana ya ukimya ule. Anayekohoa anapumua. Aliyenyamaza huku anapiga meza hana pumzi, na haitachukua muda mrefu. Alitoka nje ya pazia. Manasseh naye alikuwa akitoka mbio kuomba maji, wakakutana uso kwa uso katika ujia. Hakumuuliza amefikaje pale.

"Amekabwa na mfupa," Persis alisema. "Nipishe niingie. Nimpige mgongoni."

Nyuma ya Manasseh, katika uwazi wa pazia, aliuona uso wa baba mkwe wake. Hakuwahi kuuona kwa karibu namna ile. Macho yalikuwa yametoka na midomo ilikuwa inageuka rangi. Mikono yote miwili ilikuwa shingoni. Mzee alimwona. Mikono ilishuka kutoka shingoni. Mmoja ulichukua kofia mezani ukaifunika midomo yake. Akajigeuza akaelekea ukuta, na kwa mkono wa pili, bila kutazama nyuma, akapunga kuelekea pazia, taratibu, kama alivyopunga langoni kila alipotaka njia iwe wazi. Ondoka.

Manasseh aliutazama mkono ule. Akamtazama mkewe. Kisha akalivuta pazia mpaka mwisho na kulishikilia.

"Subiri," alisema. "Mzee anakula."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama inavyosemwa nyumbani kwa mwanamke yeyote anayekaribia mlango kwa wakati usiofaa. Naye Persis, kama nyumbani, akasimama.

Benter alikuwa nyuma yake. "Persis, ingia," alisema. "Ingia, ama atakufa na heshima yake."

Persis alisikia. Alisimama mikono ikiwa imekunjwa mbele, macho kwenye sakafu ya saruji, kama alivyofundishwa na mama yake kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote. Ndani ya kijumba miguu ilipiga mbao. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akitafuta ni nini kilichomshika pale. Wakati mwingine aliona ni ule mkono wa mzee. Wakati mwingine alisikia tena, sawa, tata, jinsi lilivyotamkwa upesi, na hakuthubutu kufikiri zaidi.

Shirinbai alipita na jagi la maji. Yeye hakuwa mkaza mwana wa mtu pale. Aliingia, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akafuata maneno ya Omwenga na kumimina. Maji yalitiririka chini ya pazia yakafika kwenye viatu vya Persis. Kisha kitu kizito kilianguka. Shirinbai alirudi nyuma kwa hofu, akashika pazia asianguke, likang'oka pamoja na waya wake.

Hapakuwa na kitu tena kati yao.

Persis aliingia. Alimlaza mzee ubavu, akampiga kati ya mabega kwa kiganja. Alimfungua kinywa, akaingiza vidole viwili mpaka nyuma ya ulimi, akaupata mfupa, mdogo na bapa kama ukucha wa kidole gumba, akautoa. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa shingoni mwa mzee. Hapo palikuwa na mpigo. Ulikuwa hafifu na ulikawia, lakini ulikuwapo. Kifua hakikupanda.

Hospitalini walifundishwa njia mbili za kumrudishia mtu pumzi. Ya zamani ilikuwa kumlaza chali, kuinua mikono yake juu ya kichwa, kisha kuishusha na kukandamiza kifua. Ya pili ililetwa na daktari miaka miwili kabla: kufunga pua ya mgonjwa na kumpulizia pumzi kinywani kwa kinywa. Daktari aliwaambia kwamba wasipoteze muda kwa ile ya kwanza. Persis aliyajua haya yote, na alikuwa amekwisha kuinama.

"Persis," Manasseh alisema.

Omwenga alikuwa amesimama kando ya ukuta. Katika ukumbi wa mbele madereva walikuwa wamepanda juu ya mabenchi ili waone. Persis alikitazama kinywa cha baba mkwe wake, wazi, kimelowa maziwa, hakina kofia ya kukifunika. Akashika mikono ya mzee na kuanza kuiinua.

Aliinua na kukandamiza, akainua na kukandamiza, kwa bidii na kwa ufundi, mpaka jasho lake likadondoka juu ya koti la mzee. Aliporudisha vidole shingoni, hapakuwa na kitu.

Karmali alirudi kutoka ofisini akawakuta hivyo. Alichukua pazia lililoanguka, akalikunjua, akamfunika mzee kuanzia kichwani. Shirinbai alikuwa bado ameshika jagi tupu. Alimtazama Persis kwa mshangao wa mtu asiyejua kwamba swali lake ni baya.

"Mama, wewe nesi," alisema. "Kwa nini nasimama inje?"

*

Mwili ulipelekwa Sironga nyuma ya pikapu ya chama cha ushirika. Mvua ilinyesha mfululizo. Persis alipika kwa ajili ya waombolezaji, na siku ya pili, alipokwenda nyuma ya jiko kuchota majivu, alimkuta Manasseh amesimama kati ya migomba peke yake. Alimwambia yale aliyokuwa nayo moyoni.

"Alikuwa hai nilipoingia. Mpigo ulikuwapo."

Manasseh alichana jani la mgomba. "Uliona mkono wake," alisema. "Alinikataza. Ningefanyaje?"

Mkono huohuo ulimkataza Persis, naye alifanya vilevile. Manasseh alimuuliza nani mwingine anajua habari za mpigo. Persis akasema hakuna. Manasseh akamwomba asilitamke tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kwa ajili yake mwenyewe. Kuhusu msichana wa Nyamarambe hawakusema neno.

Karmali alikuja mazishini, amevaa koti jeusi lililolowa, na gunia la mchele begani mwa mpagazi. Alisimama pembeni. Watu walikuwa wakisema kwamba mfupa wa Mhindi ndio uliomuua mzee, wengine kwa kunong'ona na wengine bila kunong'ona, na hakuna aliyemwonyesha mahali pa kukaa. Alimtafuta Persis, akasimama mbali naye kwa adabu aliyojifunza.

"Kosa ni letu, mama," alimwambia. "Ningekuwapo mimi, ningewaweka mbali."

Aliamini kwamba dhambi ya siku ile ilikuwa kuwaweka mkwe na mkaza mwana ubavu kwa ubavu. Persis alimshukuru kwa kuja. Hakuweza kumwambia kwamba Shirinbai, kwa kutojua kwake, alikuwa amemweka mtu pekee aliyeweza kumwokoa mzee nyuma ya ubao mmoja tu. Gunia lile liliegemezwa ukutani na halikufunguliwa. Vijumba vya hoteli vilibaki vitupu tangu wiki ile, na kabla ya mwaka kwisha leseni ilikataliwa, Karmali na Shirinbai wakaondoka Kisii kwa basi la asubuhi.

Baada ya kuzika, wazee wa ukoo walikaa chini ya upenu kulisikiliza jambo lenyewe. Abner, kaka mkubwa wa marehemu, aliwaongoza. Ilikuwa imesikika kwamba mkono wa mkaza mwana uliingia katika kinywa cha baba mkwe wake. Kama uliingia akiwa hai, boma limechafuka, na mwanamke atarudi kwao mpaka litakaposafishwa. Kila mtu alijua kwamba mwanamke asiye na mtoto, akirudi kwao kwa sababu kama hiyo, haitwi tena. Persis alisimama kando ya mlango wa jiko pamoja na Mong'ina, mahali ambapo wanawake husikia bila kuonekana wakisikiliza.

Omwenga aliinuka. Alivua kofia.

"Nilikuwapo," alisema. "Ongeri alimkataza kwa mkono wake mwenyewe, naye akatii. Alisimama nje ya pazia, macho chini, mpaka roho ya mzee ikatoka. Ndipo akaingia kuuweka mwili vizuri. Mke gani wa siku hizi angesimama? Wa kwangu mimi wangeingia na mwiko."

Wachache walicheka kidogo, kisha wakaona haya. Omwenga aliendelea kwa sauti ya chini. Alisema kuna jambo alilokuwa akilishughulikia kwa ajili ya rika lake, na wengine wanalijua. Alisema jambo hilo amelizika leo pamoja naye. Hawezi kumletea mwanamke kama huyu mtu wa kumkalia kichwani, na mshenga mwingine akija Sironga kwa ajili ya Manasseh, atakutana naye njiani.

Wazee waliitikia. Abner alisema imekwisha. Alisema marehemu aliheshimiwa mpaka mwisho, na wangapi wanaweza kusema hivyo.

Persis alikuwa amefungua kinywa. Maneno yalikuwa machache na alikuwa nayo tayari: alikuwa hai. Yangemtoa katika boma lile kabla ya jua kutua, na yasingemrudisha mzee langoni. Kupitia uwazi wa mlango alimwona Manasseh, ameketi miongoni mwa wanaume, akimtazama. Macho yake yalikuwa yaleyale aliyokuwa nayo alipolishika pazia. Mong'ina, mjane wa siku chache, alimshika mkono katika giza la jiko akaubana. Ulikuwa mbano wa shukrani. Persis alifunga kinywa.

Nyumba yake ilisimama. Hakuletwa mtu juu yake, wala mwaka ule wala baadaye. Wanawake wa Sironga walianza kuwatajia binti zao jina lake, na akina mama walimwonyesha kwa kidole akipita kwenda kituo cha basi katika sare yake nyeupe.

Jioni ile ya mazishi, mbuzi alipokwisha kugawanywa, Mong'ina hakumwacha Persis ale nyuma ya jiko. Alimwita ndani ya nyumba kubwa, mahali ambapo hakuwahi kuketi, akamkalisha kwenye kigoda kandokando ya meko. Kiti cha mzee kilikuwa ng'ambo ya pili, na fimbo yake imeegemea. Mlango ulikuwa wazi kuelekea lango. Nje wanaume walizungumza, mvua ilikuwa imepungua, na Persis alijikuta akisikiliza.

Mong'ina alimwekea bakuli mapajani. Ilikuwa nyama ya paja, mnofu mzuri, sehemu iliyokuwa ya mzee.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna tena wa kukohoa."

Persis alikata kipande. Kabla ya kukipeleka mdomoni alikipapasa kwa vidole, kila upande, akitafuta mfupa. Hakikuwa na mfupa. Akaendelea kukipapasa.